Boti ya rimoti ya haidropleni: jinsi ya kuiongezea mwendo bila kuiunguza wala kuipindua

Swali ni lile lile, anabadilika muulizaji tu: "Boti yangu imekuja na betri ya 3S. Nikiweka 4S itaongeza mwendo?" (3S ni betri ya seli tatu, 4S ni ya seli nne, yaani volti zaidi.) Itaongeza, ndiyo, kwa sekunde kama nane hivi. Halafu itainua pua, itapaa na kulala chali katikati ya Ziwa Duluti, huku kwetu Arusha, nawe utabaki ukingoni na rimoti mkononi ukimtafuta mwenye mtumbwi.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya sentimita 60 hadi 70, yenye mota isiyo na brashi inayopozwa kwa maji na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya 3S. Namba zote za mfano humu ni za boti ya sentimita 65 yenye mota ya KV 2,600, yaani mizunguko 2,600 kwa dakika kwa kila volti. Yako ikiwa tofauti, badilisha namba lakini mpangilio wa kazi ubaki huu: bodi, shafti, uzito, mkao, propela, umeme, na volti mwisho kabisa. Wengi wanaanzia kwenye volti kwa sababu ndiyo kazi nyepesi, ni kuchomeka tu.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Haidropleni ikishakolea mwendo hugusa maji sehemu tatu: sponsoni mbili za mbele, yaani yale mabega mawili yanayotokeza pembeni, na propela nyuma, ambayo nusu yake iko majini na nusu iko hewani. Sehemu nyingine zote za boti zinabebwa na hewa inayopita chini ya bodi. Hewa ikiwa kidogo, boti inalima maji. Ikizidi, inapaa. Kazi yote iliyomo humu ni kutafuta katikati ya hayo mawili. Watu wa pwani husema omo na tezi. Sisi huku bara tutasema mbele na nyuma, maana ukisema tezi Moshi mjini unaweza kuelekezwa hospitali.

KABLA YA KUANZA, KUSANYA HIVI

- Kioo cha dirisha cha milimita 5 au 6, kirefu kuliko boti. Fundi wa madirisha ya alumini atakukatia kipande. Hiki ndicho kipimo chako cha unyoofu. Meza ya mbao haifai, karibu zote zimepinda.
- Kalipa ya kupimia milimita na rula ya chuma ya sentimita 30.
- Msasa namba 180, 320 na 400, pamoja na kibao kilichonyooka cha kuuzungushia.
- Epoksi inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika 5 iache kwa matengenezo ya dharura ukiwa ziwani. Ongeza na supaglu.
- Spana za L za milimita 1.5, 2, 2.5 na 3, na tupa ndogo laini.
- Gundi ya kufungia nati, ya bluu. Nyekundu usinunue, hutafungua tena bila moto.
- Grisi isiyooshwa na maji.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Kipimajoto cha kuelekeza. Kile cha paji la uso cha enzi za korona hakikufai, kinaishia kwenye nyuzi arobaini na kitu.
- Kipima volti cha seli za lipo, kile kidogo chenye kengele.
- Kipima mwendo kidogo cha GPS, kifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Propela ya chuma ya milimita 40, na shafti ya waya ya akiba.

Skrubu za M3 zisizoshika kutu, msasa, grisi na epoksi utavipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya spea mjini. Propela na shafti utaagiza nje, kwa hiyo agiza mbili mbili ulipie usafiri mara moja. Betri za lipo huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari kwenye ndege na si kila msafirishaji anazibeba. Uliza kabla hujalipa.

HATUA

1. Pima boti kama ilivyo

Ipime uzito ikiwa na betri na mfuniko. Andika betri imekaa wapi, shafti iko urefu gani kutoka chini ya bodi, na propela ina milimita ngapi. Halafu ikimbize kwa dakika moja tu ukiwa na GPS ndani, irudishe, pima joto la mota, ESC (kile kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota) na betri, kisha chaji betri na uangalie chaja imerudisha mAh ngapi.

Namba hiyo ya mwisho ni dhahabu. Chaja ikirudisha mAh 900 baada ya dakika moja ya resi, maana yake boti inakula wastani wa amp 54 (zidisha 900 kwa 60, gawanya kwa 1,000). Betri ya mAh 5,000 haitakiwi kutumika zaidi ya asilimia 80, yaani mAh 4,000. Kwa hiyo dakika 4 na urudi. Weka kengele kwenye simu.

Kuanzia hapa badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, pima, andika. Ukibadilisha vitatu siku moja na boti ikaharibika, hutajua cha kumlaumu ni kipi.

2. Nyoosha sponsoni

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Geuza boti chali. Laza rula ya chuma kwenye sehemu ya chini ya kila sponsoni, ukingo wake uelekee mbele-nyuma, kisha itazame dhidi ya mwanga wa dirishani. Mwanga ukipenya katikati kuna bonde. Rula ikicheza kama bembea kuna kilima. Boti za kiwandani za plastiki na faiba karibu zote zina kimojawapo, na mara nyingi kushoto na kulia havifanani.

Bonde lijaze epoksi, liache likauke saa 24 kamili. Arusha mwezi wa Julai asubuhi ni baridi na epoksi inachelewa, kwa hiyo ipe siku mbili au weka boti kwenye chumba chenye joto. Kisha piga msasa 180 kwa kibao, halafu 320, malizia na 400. Usipige kwa vidole vitupu, vidole vinafuata mabonde badala ya kuyaondoa.

Sasa angalia ncha ya nyuma ya sponsoni, pale maji yanapoachana na bodi. Inatakiwa iwe kali kama ukingo wa rula. Ikiwa ya mviringo maji yananata, yanapanda nyuma ya sponsoni na kuivuta boti. Bandika solotepu ngumu kwenye uso wa nyuma itokeze milimita mbili kama ukuta, mimina supaglu kwenye pembe, ikikauka toa solotepu na piga msasa mpaka pembe iwe kali. Supaglu ina moshi unaochoma macho, fanyia nje.

3. Hakikisha haizami

Kabla ya kuongeza mwendo, hakikisha boti ikijaa maji itaelea. Lita moja ya sponji hubeba karibu kilo moja. Boti ya kilo 1.8 itie lita 1.5 hadi 2. Sponji ya ndala za zamani inafaa sana, haifyonzi maji. Lile boksi jeupe jepesi linalokuja na TV nalo linafaa. Hata chupa ya maji ya nusu lita iliyofungwa kizibo vizuri ni kitu. Jaza pua kwanza, kisha pembeni, lakini acha njia ya mipira ya maji na nafasi ya kusogeza betri. Sponji nzito iliyorundikwa nyuma itakuharibia hatua ya 5.

Jaribio ni rahisi: toa umeme wote, weka mawe yenye uzito sawa na wa vifaa ulivyotoa, zamisha boti kwenye pipa ikiwa wazi. Ikikaa na mgongo juu ya maji, endelea.

4. Shafti

Toa shafti yote. Ipanguse, itazame chini ya mwanga: waya uliokatika hata uzi mmoja, tupa. Ndani ya bomba la shafti kusiwe na mkunjo wa herufi S, liwe na pindo moja laini kutoka kwenye mota hadi nyuma. Ukizungusha kwa mkono bila mota, iteleze kwa uzito ule ule mzunguko mzima.

Paka grisi urefu wote, irudishe, na acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya kishikio cha propela na strati, ule mkono wa chuma unaoshika shafti nyuma. Hapa ndipo wanaoanza wanapounguza mota bila kujua. Shafti ya waya ikibeba mzigo inajisokota na kufupika. Kama hukuacha nafasi, kishikio kinakandamiza strati, bushi (mrija mdogo ndani ya strati unaobeba shafti) inaungua na amp zinapanda.

Mwelekeo nao. Waya umesokotwa kama kamba ya katani: ukizungushwa upande wake unakaza, ukizungushwa kinyume unafumuka na kukatika. Propela nyingi za kawaida za boti hizi, ukisimama nyuma na kuzitazama, huzunguka kinyume cha saa. Mota ikizunguka vibaya, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu za mota. Na zima rivasi kwenye ESC, haina kazi kwenye haidropleni zaidi ya kuvunja shafti.

Skrubu zote za kapla, kile kiungo cha mota na shafti, na za strati zipate gundi ya bluu. Boti iliyopanda bodaboda kutoka mjini hadi Tengeru imetikisika kuliko itakavyotikisika ziwani.

5. Kitovu cha uzito

Weka betri, funga mfuniko, funga kila kitu kama unakwenda kukimbia. Shika boti chini kwa vidole viwili, kimoja kila upande, usogeze mpaka ikae sawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Hapo ndipo kitovu. Kwa boti ya sentimita 65 anza na milimita 30 nyuma ya ncha ya nyuma ya sponsoni. Ukifika sawa, chora mstari kwa kalamu ndani ya bodi mahali betri inapoishia.

Sogeza betri, usiongeze risasi. Uzito wa ziada ni wa mwisho kabisa kufikiriwa. Betri ifungwe kwa velkro ya chini pamoja na mkanda wa juu, maana boti ikipiga wimbi betri iliyolegea inakuwa nyundo.

Jambo la huku kwetu: Duluti iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 12. Mota ya umeme haijali, si kama ya petroli. Ila hewa inayoinua bodi inapungua kwa kiasi hicho hicho. Vipimo ulivyopewa na mtu wa Dar vitaifanya boti yako iwe nzito puani kidogo. Rudisha betri nyuma milimita 3 hadi 5. Na kinyume chake: boti iliyotulia Duluti ukiipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako ni chini zaidi, itainua pua mapema. Isogeze betri mbele kabla ya resi ya kwanza, siyo baada ya kupaa.

6. Mkao: strati, pezi na usukani

Toa propela. Weka boti juu ya kioo isimame kwa miguu mitatu: ncha za nyuma za sponsoni na tumbo la strati. Majini inakimbia takribani hivyo hivyo.

Kwanza, strati ilale sambamba na kioo. Pima kwa kalipa mbele na nyuma yake. Pili, pima sponsoni: kutoka ncha ya nyuma nenda milimita 100 mbele, uso wa chini uwe umeinuka kama milimita 5. Hiyo ni pembe ya nyuzi 3. Kati ya milimita 3.5 na 7 bado utakimbia. Muhimu zaidi, kushoto na kulia vilingane. Tatu, chini ya bodi katikati, umbali kutoka kioo uwe sawa mbele na nyuma, au nyuma pawe juu kidogo. Mbele pakiwa juu, hiyo ni bawa la ndege.

Kumbuka kanuni hii, inachanganya watu kila siku: ukishusha strati, nyuma ya boti inainuka na pua inashuka. Ukipandisha strati, nyuma inashuka na pua inainuka. Sababu ni kwamba propela itabaki kwenye uso wa maji vyovyote vile, bodi ndiyo inayosogea. Rekebisha kwa milimita 1 kila mara. Milimita 3 kwa mkupuo ni boti nyingine kabisa.

Pezi la kona, lile bapa la chuma lililofungwa kwenye sponsoni ya kulia, linatakiwa lisimame wima na kuelekea mbele sawasawa na mstari wa katikati wa boti. Likipinda hata kidogo linakuwa breki. Noa ukingo wake wa mbele kwa tupa. Kwa sababu pezi liko kulia, kona zote za kasi pigia kulia. Ukikata kushoto kwa resi kamili boti inateleza au inabiringika, na hapo usiilaumu.

Usukani uwe na ukingo mkali mbele, usicheze kwenye bawaba, na uwe wima. Kama tundu la kuchotea maji liko kwenye usukani, litoboe kwa sindano uhakikishe liko wazi.

7. Propela

Propela ya plastiki inapinda ikibeba mzigo. Kuibadilisha kwa chuma cha kipenyo kile kile ni badiliko utakaloliona kwa macho.

Kwa mfano wetu chukua milimita 40 yenye uwiano wa 1.4, yaani kila mzunguko ingesogea milimita 56 kama maji yangekuwa jibini. Mota ya KV 2,600 kwa volti 11.1 ni mizunguko 28,860 kwa dakika ikiwa tupu. Chini ya mzigo tuseme 23,000. Ukizidisha unapata kilomita 77 kwa saa, toa asilimia 15 ya kuteleza, zinabaki kama 65. GPS ikikusomea 45, tatizo haliko kwenye betri, rudi hatua ya 2 hadi 6.

Usiruke kutoka 40 kwenda 45 kwa tamaa. Mzigo wa propela hukua haraka mno kuliko kipenyo: kutoka 40 hadi 42 tu ni ongezeko la takribani robo. Panda milimita moja moja, na kila mara pima joto.

Sasa kunoa na kusawazisha. Uso wa propela unaotazama nyuma ya boti ndio unaosukuma maji, usiuguse. Noa na punguza chuma upande unaotazama mbele tu. Kusawazisha: pitisha propela kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, kilaze juu ya wembe mbili zilizosimama usawa. Jani zito litashuka. Lipunguze kwa msasa, jaribu tena, mpaka propela ikae popote unapoiacha.

ONYO: propela nyingi zenye rangi ya dhahabu ni za shaba iliyochanganywa na berili. Vumbi la berili likiingia kwenye mapafu linaleta ugonjwa usiopona. Usiipige msasa mkavu, usiitie grinda, usipulize vumbi kwa mdomo, na usiifanyie kazi jikoni. Kama huna uhakika ni chuma gani, nunua iliyokwisha nolewa na kusawazishwa, au tumia ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu.

8. Umeme

Nyaya kutoka betri hadi ESC ziwe fupi. Ukihitaji kurefusha, refusha zile tatu za kwenda kwenye mota. Nyaya ndefu za betri huleta mawimbi ya volti yanayoua ESC taratibu, na siku ikifa utasema ilikuwa mbovu. Kama huna njia, lehemu kapasita mbili au tatu za mikrofaradi 470, volti 35, karibu kabisa na ESC. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizigeuza zinalipuka.

Plagi zilehemiwe kwa chuma cha kulehemu chenye nguvu, wati 60 au zaidi. Risasi ikibaki na uso wa kijivu wenye chengachenga, haijashika, rudia. Baada ya kukimbia gusa plagi: plagi ya moto kuliko waya wake ni kiungo kibovu.

Mipira ya silikoni ya maji isikunjwe. Maji yapite ESC kwanza, halafu mota, yatoke pembeni mahali unapoweza kuyaona. Boti ikipita mbele yako yatoke kama mkojo wa mtoto, mfululizo. Yakikatika, punguza resi na urudi.

Kwenye ESC weka ukomo wa volti 3.3 kwa seli, kuanza taratibu, na taimingi ya chini au ya kati. Taimingi ya juu inaongeza joto kuliko mwendo.

Chaji kwa 1C, yaani amp 5 kwa betri ya mAh 5,000, juu ya sakafu ya vigae au ndani ya debe la mchanga, na usiondoke. Umeme ukikatika, chaja ya volti 12 inafanya kazi vizuri kwa betri ya gari.

9. Ziwani

Duluti ipo ndani ya hifadhi ya msitu: lipa kiingilio, omba ruhusa, na ukae mbali na mitumbwi. Nyumba ya Mungu ina nafasi tele, lakini kuna nyavu za wavuvi na kuna mamba. Hakuna boti inayostahili kufuatwa kwa kuogelea. Mabwawa ya umwagiliaji ya mashamba ya Arumeru ni mazuri ukipata kibali cha mwenyewe, ila angalia majani. Nenda asubuhi kabla ya saa 3, upepo haujaamka.

Asubuhi ya baridi usiweke lipo kwenye boti ikiwa baridi. Ibebe ndani ya koti mpaka ipate joto la mwili. Ikiwa baridi volti zinaporomoka ukivuta resi na ESC inakata mapema.

Washa rimoti kwanza, kisha chomeka betri. Ukimaliza, chomoa betri kwanza. Tangu betri ichomekwe, vidole visikaribie propela kabisa. Na usipige resi boti ikiwa nje ya maji zaidi ya sekunde moja au mbili, bushi inakauka na kuungua.

Funga mfuniko kwa solotepu pande zote. Ukiiweka majini isukume mbele kwa mkono huku ukivuta resi kidogo, iondoke ikiwa na mwendo. Ukivuta resi yote ikiwa imesimama, propela inachanganya maji na hewa na boti inabaki ikiguguma pale pale.

Dakika moja, rudi, pima. Mota isizidi nyuzi 70, ESC 60, betri 55. Kisha dakika mbili. Ukiona namba zimetulia ndipo ukimbie muda wote.

10. Sasa tuzungumze 4S

Mota ile ile ya KV 2,600 kwa volti 14.8 ni mizunguko 38,480. Volti zimeongezeka kwa theluthi moja, lakini nguvu inayotakiwa na propela ile ile inapanda zaidi ya mara mbili. Boti iliyokuwa inakula amp 54 itataka karibu 96. ESC ya 60 hapo ni moshi.

Njia sahihi: 4S pamoja na mota ya KV karibu 2,000. Hiyo ni mizunguko 29,600, karibu ile ile ya zamani, na kwa propela ile ile nguvu ile ile inapatikana kwa amp pungufu kwa robo. Kila kitu kinapoa. Halafu nafasi hiyo uliyoipata itumie kupanda propela hadi 41, kisha 42, ukipima kila mara. Tumia ESC ya amp 120. Betri ya 4S ni nzito zaidi, kwa hiyo rudia hatua ya 5 yote.

IKIGOMA

Pua inainuka na boti inapaa: betri mbele milimita 5. Bado? Shusha strati milimita 1. Kama inapaa tu inapokwenda dhidi ya upepo, punguza resi upande huo, siyo kosa la boti.

Inalima maji mbele, sponsoni zimelowa zote: betri nyuma, au pandisha strati milimita 1.

Nyuma inadundadunda: propela inainua mno. Pandisha strati kidogo, au inamishe ili upande wa propela uwe juu kwa nusu nyuzi. Propela yenye uwiano mdogo nayo husaidia.

Inateleza nyuma kwenye kona ya kulia: pezi limepinda, limelegea, au halifiki majini. Likiwa zima, usukani ni mfupi au kitovu cha uzito kiko nyuma mno.

Inavuta kulia ukienda moja kwa moja: kidogo ni kawaida, propela inayozunguka kinyume cha saa husukuma nyuma ya boti kushoto, pua ikaelekea kulia. Rekebisha kwa trimu ya rimoti. Ikizidi, linganisha sponsoni tena juu ya kioo.

Inalia kama filimbi na kutetemeka: propela haijasawazishwa, au bushi ya strati imelika. Shika propela uitikise juu na chini, ukisikia inacheza badilisha bushi.

Mota inalia lakini boti haiendi: shafti imekatika au imeteleza kwenye kapla. Weka alama ya kalamu kwenye kapla na shafti, ukikuta alama zimeachana umepata jibu.

Inakatakata kisha inarudi: pima seli moja moja. Seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya volti 0.1, betri inachoka. Seli zikilingana, angalia antena ya risiva: ipite kwenye mrija, isimame juu ya bodi, isilazwe sakafuni karibu na nyaya za mota.

Maji ndani kila safari: karibu siku zote yanapita kwenye bomba la shafti lisilo na grisi au kwenye mpira wa usukani, siyo kwenye mfuniko unaoendelea kuuongezea solotepu.

Imepinduka mbali: toa resi kabisa, usijaribu kuigeuza kwa kupiga resi. Uzi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi, ukirushwa ng'ambo ya boti na kuvutwa taratibu, huirudisha kama hakuna mwenye mtumbwi. Ikifika nchi kavu chomoa betri, mwaga maji, toa shafti, kausha, paka grisi upya. Betri iliyoingia maji iache nje mbali na nyumba siku nzima kabla ya kuichaji. Zilizo salama zirudishe volti 3.8 kwa seli kama hutakimbia kesho yake.